Barua Pepe Yenye Jina Langu

Leo asubuhi nimefundisha wenzangu wa ofisi ya Bungoma kutambua barua pepe za matapeli. Nikawaambia, "Ukiwa na shaka, uliza kwanza."

Saa nane Mama Nafula wa masjala akaniita.

"Ile linki ya cheti uliyonitumia kwa barua pepe inakataa. Nimeweka paswadi mara tatu."

Jamani, sikutuma linki yoyote.

"Si niliuliza kwanza, vile ulisema? Nilijibu hiyo barua nikauliza kama ni wewe. Ukasema ndio."

Aliyemjibu ni tapeli. Kwa jina langu!

Sasa, kwa paswadi aliyoiba, barua ileile inatoka kwa jina la Mama Nafula kwenda ofisi yetu ya Kitale. Nikawapigia simu mbio.

"Ya cheti? Tumeshajaza paswadi wote bana."

Mama Nafula analia. Sikuwaambia waulize kwa simu, si kwa kujibu barua yenyewe.

Nimwambie nini?