Mwanachama Asiye na Kuku

Namba ya simu niliyosajili nilipofika Tarime ilikuwa imewahi kuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa akifuga kuku. Wiki ya kwanza tu nikaingizwa kwenye kundi la wafugaji la mtandaoni. Mimi nilikuwa nimetoka Iramba kuja kuchimba dhahabu, na kuku sikuwa naye hata mmoja. Sikujitoa. Kambini watu walizungumza dhahabu tangu asubuhi, na kusoma habari za kideri, ugonjwa wa kuku, kulinipumzisha.

Nilisoma miezi minne bila kuandika neno. Kisha duara letu, yaani shimo tulilokuwa tunachimba, likabomoka nikiwa ndani. Kifusi kilinifunika hadi kifuani. Wenzangu walinifukua kabla ya saa sita mchana, tukala ugali, msimamizi akanipa siku mbili za kupumzika.

Siku ya tatu nilishika kamba ya kushukia, mikono ikakataa. Nilimwambia msimamizi tumbo linauma. Kesho yake, tumbo tena. Msimamizi alikuwa Mkurya asiyependa maneno mengi. Aliniletea dawa ya minyoo, akasimama hapo hapo mpaka nikaimeza.

Nyumbani nisingeweza kusema. Mama angetaka nirudi siku hiyo hiyo. Kambini, aliyeogopa shimo alitafutiwa mganga, na akipona alibaki na jina la utani. Kwa hiyo nikawaandikia wafuga kuku: "Samahani. Mimi sina kuku, ni mchimbaji huku Tarime. Nilifukiwa na kifusi, sasa siwezi kuingia duarani, na nikifumba macho nakosa pumzi."

Halafu mtu akauliza kama banda langu lina madirisha ya kutosha. Nadhani alisoma mwisho tu.

Mwenyekiti wa kundi, mwalimu mstaafu wa Njombe, akaandika kwamba kanuni ya kundi ni kuku peke yake, ila huyu ni mwanachama, asikilizwe. Baada yake dereva mmoja wa malori akatuma ujumbe wa sauti, majogoo wakiwika nyuma yake. Alisema lori lilimpindukia mlimani, na mwaka mzima hakuweza kupanda hata gari la abiria. "Usijilazimishe," alisema. "Na usikae na jambo hilo peke yako. Mimi nilikaa nalo, nikaanza kuwapiga watoto."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia jambo la namna hiyo uso kwa uso.

Mama mmoja wa Mugumu, mke wa fundi cherehani, aliniandikia pembeni. "Mugumu si mbali na huko uliko. Panda basi Jumatatu, nitakupeleka hospitali."

Nilipanda. Nilimkuta stendi, amevaa baibui, mkononi ana trei ya mayai ya kumpelekea mteja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe kijana! Mimi nilidhani nakuja kupokea mzee."

Tulipeleka mayai kwanza. Hospitalini alikaa nami kwenye foleni, akaeleza tatizo langu kwa daktari kabla sijafungua mdomo, na akalieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Daktari akasema hali hiyo inawapata watu wengi baada ya ajali, akanipangia kurudi kila wiki kuzungumza na mshauri. Nje, nikiwa nafunga kamba za viatu, nililia. Mama yule wa Mugumu alishika trei tupu, akatazama barabarani mpaka nilipomaliza.

Niliporudi nilimfuata msimamizi.

"Si tumbo," nikasema. "Naogopa."

"Ungesema mapema. Dawa ya minyoo ni chungu."

Akanihamishia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kelele na vumbi, lakini juu ya ardhi. Nilifanya kazi hapo hadi nilipoondoka Tarime. Usingizi ulirudi polepole. Duarani sikuingia tena, na mpaka leo hata kisimani sichungulii.