Mikanda Chini ya Sinki la Fundi Bomba

Ukimwita fundi huyu aje kuzibua sinki, alikuja na mikoba miwili. Mmoja ulikuwa wa spana na koleo. Mwingine, aliouning'iniza kwenye kitasa cha mlango mbali na maji, ulikuwa wa kamera.

Kamera ile aliinunua ujanani kutoka kwa mpiga picha wa studio aliyekuwa anastaafu, akaipenda kama mboni ya jicho. Watu walimshauri apige picha za harusi ajipatie chochote, naye akakataa katakata. "Harusini watu wanakausha nyuso kama wanasubiri sindano," alisema. Yeye alipenda dakika moja tu: kazi imekwisha, mwenye nyumba anafungua bomba, bomba linakohoa, linatema hewa, linanyamaza, halafu maji yanakuja kwa fujo. Uso wa mtu wakati huo, alisema, haujui kudanganya.

Bafu la nyumbani kwake halikuwa na dirisha, akaligeuza chumba cha giza cha kusafishia picha. Watoto walikua wakijua kwamba Jumamosi anayetaka kuoga awahi, la sivyo atalala na vumbi lake. Mkewe, mshonaji wa mapazia mwenye kiduka chake, alivumilia yote hayo. Alichokataa ni kupigwa picha. Utotoni aliungua na pasi, ikamwachia kovu shavuni.

"Wapige wenye sura," alisema, akajifunika pazia alilokuwa akilishona.

Fundi akaahidi hatamsumbua tena.

Miaka ikaenda. Studio zikafungwa moja baada ya nyingine, na mikanda ya filamu ikawa adimu kama maziwa ya kuku. Binti yao, mkunga, akamletea kamera ya dijitali. Fundi akaigeuza geuza.

"Hii haina tumbo. Picha zinakaa wapi?"

"Baba, wewe piga tu. Haziishi."

"Kitu kisichoisha kina utamu gani?" Akaifungia kabatini.

Sasa, kama kuna bomba ambalo fundi huyu hakuwahi kuligusa, ni la jikoni kwake. Lilidondosha maji, mkewe akasema mpaka midomo ikamkauka, na jibu likawa lile lile: kesho. Na chini ya sinki hilo hilo, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na ubaridi na giza, ndiko alikohifadhi mikanda ya picha za maisha yake yote.

Siku bomba lilipopasuka hawakuwa nyumbani. Waliporudi, jikoni kulikuwa ziwa na maboksi yamelowa chapachapa. Fundi aliketi pale pale majini, suruali na yote. Alisubiri kuambiwa "si nilikuambia." Mkewe alifunga maji, akapandisha sketi magotini, akauliza, "Zinaokoleka?"

"Zikikauka zimegandana, basi tena. Zikibaki majini naweza kuzibandua polepole."

"Basi inuka, mume wangu. Utalia tukishamaliza."

Wakajaza mabeseni maji safi. Binti akaitwa. Wakafunga nyuzi za mapazia kukatisha sebule nzima. Fundi akawa anabandua, mkewe anatundika kwa vibanio vya nguo. Kila kipande alikiinua kwanza dirishani akitazama. Katikati ya kazi akasimama.

"Huyu mwanamke kwenye cherehani ni nani?"

Fundi akashughulika na kipande kilichokwisha kubanduka zamani.

"Nakuuliza, baba watoto."

"Ni fundi mapazia mmoja."

"Anakaa wapi?"

"Hapa hapa."

Binti aligeukia ukutani asionekane anacheka. Mama yake hakucheka. Aliinua kipande kingine, na kingine. Ni yeye tu: ameinamia kitambaa, amesinzia kitini, ananing'iniza nguo.

"Nilikuahidi sitakusumbua," fundi alisema kwa sauti ndogo, "na sikukusumbua. Hukujua hata."

"Huo ni wizi."

"Ni wizi. Na vipande ni vyako. Ukitaka kuvitupa, vitupe."

Mkewe akaendelea kutundika. Mwishowe akamwambia binti, "Nataka kuziona zilivyo, si hivi nyeusi na nyeupe zimegeuzana, nywele kama za bikizee."

Binti akaitoa kamera ya dijitali kabatini, akapiga vipande vile mbele ya dirisha, akavigeuza rangi kwenye kompyuta. Kwenye kioo akatokea mwanamke kijana, pini mdomoni, anacheka na mtu asiyeonekana, shavu lenye kovu likiwa limeelekea kwenye mwanga. Mama alikisogelea kioo, kisha akamgeukia mumewe.

"Mbona hukuniambia nilikuwa hivi?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali." Hapo ndipo alipocheka.

Kuanzia siku hiyo fundi akaizoea dijitali, maana mkewe alitoa sharti: picha yake aione hapo hapo. "Futa," alisema. "Futa na hiyo, pua imekuwa kama bilauri." Akinyamaza, fundi alijua imepita, akatembea nyumba nzima akijisifu.

Halafu mchana mmoja mkewe akasogeza kiti dirishani bila kuombwa. Akatoa pini mdomoni, akageuza shavu lile kwenye mwanga.

"Haya, piga kabla sijabadili mawazo."

Fundi alipiga mpaka vidole vikamchoka. Mkewe akazipitia zote, akafuta moja tu aliyofumba macho. Kati ya zilizobaki alichagua moja, akataka ichapishwe kubwa, aitundike dukani kwake, pale wateja wanapokaa kusubiri mapazia yao.