Brussels ya Chaki

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Fordsburg, hapa Johannesburg, kununua bitana na zipu za kazi yangu ya ushonaji, na kwa kuwa siku ile sikuwa na wateja wengi, nikasogea hadi Mayfair kuitazama nyumba niliyokulia. Unajua jinsi mtu anavyojidanganya kwamba anapita tu. Nikavuka robot ya kwanza, yaani taa za barabarani kama tuziitavyo huku, nikavuka ya pili, nikakata kushoto penye duka la Msomali anayeuza ubani na vyetezo. Pale nilipotarajia kuiona baraza yetu yenye nguzo mbili za chuma, nikakuta ghorofa tatu za matofali mapya. Ua wetu wote umemezwa. Mlinzi wa getini akaniuliza kwa adabu kama natafuta chumba cha kupanga. Nikamjibu hapana, nikabaki nimesimama.

Rafiki yangu, nilichosikia moyoni hakikuwa huzuni. Huzuni naijua. Ulikuwa wivu, na niliyemwonea wivu si mwenye ghorofa ile. Niliuonea wivu mji ambao sijawahi kuukanyaga, mji wa Brussels. Ngoja nikueleze, maana ukilisikia jambo hili hivi hivi utadhani nimechanganyikiwa.

Nilikuwa na miaka sita tulipofika Johannesburg kutoka Bujumbura: mimi, mama, na bibi mzaa baba. Mayfair palitufaa kwa sababu ya misikiti na kwa sababu mtu angeweza kununua chumvi kwa Kiswahili. Tulipanga katika nyumba moja ndefu ya zamani, familia tano, vyumba vimegawanywa kwa mapazia. Asubuhi harufu ya anjera, ile mikate laini ya maji, ilitoka jikoni kwa Wasomali wa nyumba ya pili, ikachanganyika na moshi wa mkaa wa bibi. Bibi hakuliamini jiko la umeme hata kidogo. Alisema maharage yanayoiva bila moshi hayajaiva, yamelainika tu. Kazi yangu ilikuwa kuyachambua maharage hayo barazani, kuteka maji kwenye bomba la nje, na kusugua sufuria kwa jivu mpaka zing'ae. Mwezi wa nane upepo ulileta vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya mchanga wa migodi, likajaa kwenye nguo zilizoanikwa. Bibi akizikung'uta alikuwa akisema, "Dhahabu wameichukua wao, vumbi wametuachia sisi."

Chumba cha pili alikaa jirani yetu Mkongo, msusi, na binti yake wa umri wangu. Binti wa jirani na mimi tulikuwa pete na kidole. Na kule nyuma, katika kibanda cha bati kilichoegemea ukuta, aliishi Mwalimu.

Mwalimu alitoka Bukavu, alikofundisha historia miaka mingi. Hapa Johannesburg alilinda geti la ghala la vigae. Juma zima alivaa sare ya ulinzi, lakini Jumamosi alifunga tai. Alikuwa amegundua kwamba sisi watoto mama zetu wakituita kwa Kiswahili tunajibu kwa Kiingereza, na tukigombana tunagombana kwa Kizulu. Akawaomba mama zetu watuache kwake kila Jumamosi asubuhi, atufundishe kwa Kiswahili. Mama akamuuliza atafundisha nini. Akajibu kwamba atafundisha alichonacho. Na alichonacho kilikuwa kitabu kimoja tu alichotoka nacho alipokimbia vita, kitabu kinene cha Kifaransa chenye picha, kuhusu historia ya mji wa Brussels. Vingine vyote viliteketea pamoja na nyumba yake.

Basi ndivyo tulivyosomeshwa Brussels, watoto saba, uani Mayfair. Uani palikuwa na sakafu ya saruji. Mwalimu alipiga magoti na kipande cha chaki, akachora mto na visiwa vyake, akatuambia kwamba hapo mwanzo palikuwa kinamasi, na jina lenyewe la mji lina maana ya makazi ya kinamasini. Akachora kanisa dogo kisiwani. Jumamosi iliyofuata akauzungushia mji ukuta, na iliyofuata akazungusha ukuta mkubwa zaidi wenye mageti, kwa kuwa wafumaji na wafanyabiashara wa nguo walikuwa wameongezeka. Akachora uwanja wa soko, na jumba la baraza la mji lenye mnara mrefu, na pembeni nyumba za vyama vya mafundi. Kila mtoto alipewa chama. Mimi nilikuwa waokaji mikate. Binti wa jirani alikuwa mabaharia.

Majira ya joto, mvua ya radi ya alasiri iliufuta mji wote, tukaanza upya juma lililofuata. Hatukukasirika. Tulikuja kuujua ule mji kuliko mitaa ya Randburg, upande wa pili wa Johannesburg.

Siku niliyoanza kuuonea wivu naikumbuka. Mwalimu alitusimulia jinsi mfalme wa Wafaransa alivyotuma jeshi lililopanga mizinga nje ya mji na kuupiga kwa siku kadhaa, moto ukala nyumba maelfu. Aliufuta uwanja wa soko kwa soli ya kiatu, akauacha mnara peke yake, maana mnara ule ulilengwa na haukuanguka. Halafu akapiga magoti tena, akachora nyumba zote za mafundi upya, safari hii za mawe, nzuri kuliko za kwanza. Alisema iliwachukua miaka michache tu, kama mitano hivi. Mimi nikauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kurudi. Mwalimu akanitazama, akasema hawakuhitaji ruhusa, ulikuwa mji wao. Jioni nikamuuliza mama sisi tutarudi lini Bujumbura. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Yaliyofuata tuliyapokea moja baada ya jingine: mapinduzi yaliyoanzia kwenye jumba la maonyesho, wakapata nchi yao, mto uliochafuka mpaka wakaufunika, ukawa unapita gizani chini ya barabara, na mfalme aliyejenga majumba na tao kubwa la mawe kwa mali iliyotoka Kongo. Alipofika kwenye tao Mwalimu alichora polepole. Alisema babu yake alipeleka utomvu wa mpira wa msituni kwenye mzani wa watu wa mfalme yule, na kwamba akiitazama picha ya tao hajui aione nzuri au mbaya.

Sasa niseme lisilonipendeza. Binti wa jirani alikuwa na akili kunishinda. Mwalimu akiuliza, yeye alishajibu. Ilifika mahali Mwalimu akampa chaki achore mnara kwa mkono wake, na hakuna mwingine aliyewahi kupewa. Nilimpenda yule binti, tulilala mkeka mmoja, lakini siku ile nilitamani mvua inyeshe mapema.

Kisha ikaja habari kwamba shangazi yake aliyekuwa Ubelgiji amewafanyia makaratasi, yeye na mama yake, na yamekubaliwa. Wanakwenda Brussels. Brussels yenyewe, rafiki yangu, si nyingine. Wanawake walipiga vigelegele, bibi akakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, tulizokuwa tukizitunza kwa ajili ya Idi. Mimi nilikula nikiwa kama ninayetafuna mchanga. Niliwaza kwamba atapita kwenye lile soko akitaka asitake, wakati mimi ndiye niliyekuwa nikikesha kitandani nikihesabu mageti ya ukuta ili nisiyasahau.

Ilikuwa Julai, baridi kavu. Jumamosi ya mwisho Mwalimu alimkabidhi binti wa jirani kile kitabu. Alimwambia akifika akipeleke kikaone kwao.

Asubuhi ya safari, wakati watu wanafunga mabegi, nilikichukua kitabu juu ya begi lake nikakifukia ndani ya gunia la maharage la bibi. Gari la kuwapeleka uwanja wa ndege lilipofika, binti akagundua hakipo. Akalia. Tukatafuta chini ya vitanda, nyuma ya mapazia, hadi jikoni. Nilimsaidia kutafuta. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilipiga magoti kando yake nikachungulia chini ya kitanda nikisema hakipo huku. Wakaondoka bila kitabu.

Siku ya tatu bibi alichota maharage, kikombe kikagonga jalada. Hakunipiga. Alikikung'uta kitabu kama alivyokung'uta nguo zenye vumbi, akasema, "Hasidi hana sababu."

Nikamjibu, "Mimi ninazo, Bibi."

"Basi kamwambie mwenyewe hizo sababu zako."

Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anavua viatu. Nikamwekea kitabu miguuni na kumweleza yote. Akamalizia kufungua kamba za kiatu cha pili.

"Unajua mimi nimefika Brussels mara ngapi?" akaniuliza.

Nilikuwa na hakika ameishi huko. Mtu angejuaje vile bila kuishi?

"Sijafika hata siku moja," akasema.

Akanisimulia kwamba alipokuwa mwalimu kijana alichaguliwa kwenda kusoma huko mwaka mmoja. Akapiga picha za pasi, akashonewa koti. Mwishoni akaenda mwenzake wa shule ile ile, na sababu hakuambiwa. Mwenzake aliporudi akamletea zawadi kitabu hiki. Mwaka mzima hakukigusa. Halafu siku moja akakifungua, akakisoma mpaka akakijua kwa moyo.

"Mtu humjua sana yule anayemwonea wivu, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana naujua."

Nikamuuliza wivu wake uliisha lini.

"Haujaisha. Nimeupa kazi ya kufanya, basi."

Kisha akaniuliza mimi ninaona wivu gani hasa. Nilidhani nitasema ndege, au chaki aliyompa mwenzangu. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine. Nilisema watu wale waliunguziwa mji wao, wakaujenga pale pale, na hakuna aliyewaambia nendeni mkakae Johannesburg. Mwalimu alitazama pembeni. Akatoa chaki mfukoni, akanipa, akaniambia nimchoree Bujumbura.

Nilichora ziwa. Nikachora mstari mmoja wa barabara, nikakwama. Sikukumbuka zaidi. Bibi alikuwa ametufuata, mwiko ungali mkononi, na alipoona nimekwama akauweka mwiko chini, akajiinamisha kwa shida ya magoti yake. Bibi yangu hakuwahi kushika kalamu. Lakini alichora Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, barabara moja baada ya nyingine zilizonyooka, akitaja nani alikaa wapi: fundi baiskeli, muuza nyama, mke mwenza wa dada yake, mwalimu wa madrasa. Mama alirudi kutoka kazini akakuta bibi na Mwalimu wanabishana, naye akaingilia kusema msikiti umewekwa upande usio wake. Mwalimu naye akachukua chaki akachora Bukavu yake juu, ardhi ikiingia ziwani kama vidole vitano. Halafu akauchora mto Ruzizi kutoka vidoleni pale, akaushusha uwandani, akaupeleka mpaka kwenye ziwa la bibi.

"Mto huu, mama, unatoka kwangu unakuja kwako," akamwambia.

Bibi alisema kumbe ndiyo maana maji yake yalikuwa baridi. Tukacheka sote. Mvua haikunyesha mwezi ule, na miji ile miwili ilikaa uani wiki tatu, watu wakiizunguka na ndoo zao, mpaka nyayo zilipoimaliza.

Kitabu kilipelekwa. Mwalimu aliniambia niandike barua ya kuambatanisha, nami nikamwandikia kwamba yeye mwenyewe alikisahau nyuma ya kabati. Mwalimu aliisoma, akanitazama, akaikunja akaitia kwenye bahasha. Baada ya miezi ikaja kadi ya picha ya uwanja wa soko, ikinishukuru kwa wema wangu. Sikuwahi kumrekebisha.

Ile nyumba ilitawanyika kama nyumba zote za wapangaji. Miaka ya fujo dhidi ya wageni ilipofika, Mwalimu alihamia Cape Town, tukazungumza kwa simu mara mbili tatu, kisha namba yake ikawa haipatikani tena. Bibi tulimzika hapa hapa. Buyenzi hakuiona tena. Na sasa ua wenyewe umekwisha, wala hakuna jiwe wala bango la kusema kwamba hapa aliwahi kukaa mtu. Kule Brussels, kipande cha ukuta wa miaka mia kadhaa huachwa kimesimama katikati ya majumba mapya ili watoto wa shule wakione.

Siku ile niliporudi dukani kwangu nilimpigia simu binti wa jirani. Tulianza kuwasiliana tena miaka ya karibuni; ni muuguzi, ana mabinti wawili, na basi lake la kazini hupita kila siku kando ya geti la zamani lililobaki la ule ukuta mkubwa. Huwa hata haliangalii, aliniambia. Nikampa habari kwamba nyumba imebomolewa. Akasema pole, akakumbuka sambusa za Wasomali, akakumbuka mvua ya mawe kwenye bati na sauti ya bibi akitugombeza. Kisha akaniuliza.

"Dada, si kulikuwa na mzee mmoja akituchorea pale uani? Alikuwa anachora nini vile?"

Ningeweza kumtajia kila mstari. Ningeweza kumwambia kisiwa kilikuwa karibu na bomba, soko mbele ya mlango wa mama yake, na mnara alichora yeye mwenyewe.

"Sikumbuki vizuri," nikamjibu. "Ni michoro tu ya watoto."

Tukaagana kwa upendo, na upendo ule ni wa kweli. Lakini yeye ana mji mzima, na watu wanalipwa kuyatunza mawe yake. Mimi nina sakafu moja ya saruji ambayo haipo. Nimekusimulia wewe. Yeye sijawa tayari kumgawia.