Bharati na Kiwanja cha Kichuguu

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha haipendwi na wageni. Wakija Mbinga wakati wa mavuno hushika pua na kuuliza kuna nini kimekufa. Sisi tuliozaliwa ndani yake hatuna habari nayo, ila mimi nikiipata hata leo, kabla sijamkumbuka baba wala mama, nasikia mpira unagonga ukuta. Pu. Kimya kidogo. Pu. Ulikuwa ukuta wa ghala la Bwana Kanti, Mhindi aliyenunua kahawa yetu na kutuuzia chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Aliyekuwa akiupiga mpira ule ni binti yake, Bharati. Shamba letu lilipakana na ghala hilo, na mimi Otilia, msichana niliyekwisha kuachishwa shule darasa la nne, nilikuwa hapo kutwa nzima nikimenya kahawa kwa mashine ya mkono na kuigeuza juu ya vichanja. Kilichonishangaza ni mtu kuutupa mpira kwa nguvu zake zote, kisha akakimbia kuufuata kana kwamba kaibiwa, akishaupata anautupa tena. Nilimwuliza mama kama yule dada ni mgonjwa. Mama akasema, "Mgonjwa hapigi hivyo. Geuza kahawa."

Bharati alizaliwa hapa hapa Mbinga, Kimatengo alikisema kama sisi, na matusi yake aliyajua kutuzidi. Alikuwa amerudi kutoka shule ya mjini ambako walimfundisha tenisi, akarudi na raketi na mipira michache iliyochakaa. Watu husema Wahindi wa zamani walikuwa wanajifungia ndani, sijui, labda wa kwingine, huyu alikuwa anakaa kwenye vichanja vyetu anakula mahindi ya kuchoma na kunieleza mambo yake yote. Ndiyo maana nilijua kilichomkaba. Kulikuwa na baba yake mdogo huko Bombay, Bwana Jayanti, mtu aliyewafundisha wengine tenisi, na alikuwa anakuja kuwatembelea mwisho wa msimu. Bwana Kanti alikuwa ameshatoa neno. Kama mdogo wake akimwona binti anaweza kweli, atamchukua akamfundishe, acheze mpaka afike pale ambapo mtu analipwa kwa kucheza. Kama haoni kitu, Bharati atabaki dukani hadi familia moja yenye duka Songea itakapokuja kuposa. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya, nilimwona, alikuwa na gari. Lakini Bharati alisema akifikiria kusimama nyuma ya mizani maisha yake yote, pumzi zinamwishia.

Tatizo lilikuwa kwamba ukuta hauna akili. Ukiupiga unajibu vile vile siku zote. Alihitaji kiwanja na alihitaji mtu. Mtu nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na sikuogopa mpira. Kiwanja kilitengenezwa na wazazi wangu, nyuma ya ghala, kwenye kipande ambacho Bwana Kanti alikuwa akikitupia magunia mabovu. Mama na wanawake wenzake walijua sakafu. Walibeba udongo wa kichuguu, wakauponda, wakaumwagia maji, wakaupiga kwa vibao huku wakiimba, wakausiriba mpaka ukawa mgumu na laini kama kiganja. Baba ndiye aliyechonga ardhi kabla ya wanawake kuweka udongo. Alichonga kwa jembe na kamba, akapiga magoti, akafumba jicho moja, akasema imenyooka. Sote tukatazama tukaona imenyooka. Bharati naye akatazama akaona hivyo hivyo.

Wavu aliuleta mjomba Anton, kaka yake mama, kutoka Lituhi huko ziwani. Ulikuwa wavu mkuukuu wa kuvulia samaki, magege. Hapo ndipo vita vilipoanza, maana kwa Bwana Kanti hawagusi samaki wala nyama, na Mama Bharati alipotoka mlangoni upepo ukampelekea ule wavu puani. "Anton! Hicho kitu ni kwa ajili ya binti yangu au kwa ajili ya paka?" Mjomba akamjibu kwa adabu, "Mama, huu umeshaoshwa." Mama Bharati akasema, "Umeoshwa kwa nini? Kwa samaki?" Tulicheka mpaka mama akaacha kupiga udongo. Wavu ulilowekwa kwenye maji ya majivu, ukasuguliwa kwa ndimu, ukaanikwa, ukalowekwa tena. Haikusaidia sana. Mama Bharati aliutazama mchezo wote ule kutoka dirishani, ncha ya sari ikiwa puani.

Basi tukacheza. Kila jioni kahawa ikishafunikwa, mimi nasimama upande wa juu, karibu na shamba letu, naye upande wa chini, karibu na ghala. Hatukuwahi kubadilishana. Alisema yeye ndiye anayejifunza, na mipira ikimpita inaishia ukutani, hatuhangaiki kuitafuta. Mipira yangu ilimfikia kwa kasi, ikiteleza chini chini, naye aliinama, akaichota kama anayechota maji kisimani, ikapanda juu ya wavu ikizunguka. Mwanzoni aliikosa mingi. Kufikia katikati ya msimu haikosi. Miguu yake ilikuwa miekundu kwa kichuguu hadi magotini. Mimi nami, niseme tu ukweli, nilikuwa nimeanza kupiga vizuri, hasa ule mpira unaokuja kushoto ambao unaupiga kwa mgongo wa mkono. Niliupenda ule. Mpaka sasa nikifagia uwanja mkono wangu unataka kwenda hivyo.

Bwana Jayanti alikuja, mtu mwembamba, mwenye kofia nyeupe. Tulimwamkia shikamoo, akajibu kwa Kiswahili cha kukumbuka kumbuka, kwa kuwa naye aliwahi kukaa nchini. Akashika raketi, akasimama kwangu, upande wa juu, akaanza kumpigia Bharati. Mipira yake ikapita nje. Mmoja, mwingine, mwingine. Baba yangu akaninong'oneza, "Huyu ndiye mwalimu?" Bwana Jayanti akasimama, akaitazama raketi, akautazama mkono wake. Kisha akachukua mpira, akauweka chini taratibu, akauachia. Mpira ukakaa kama unafikiri. Halafu ukaanza kwenda wenyewe, polepole, ukapita chini ya wavu, ukaenda mpaka kwenye miguu ya Bharati.

Kiwanja chetu kilikuwa kimeinama, na sisi wote hatukuwa tumeona. Msomaji ambaye hajafika Umatengo nimweleze. Sisi ni watu wa milimani. Tunalima ngoro, mashimo yanayopangwa ubavuni mwa mlima ili maji ya mvua yatulie humo yasiondoke na udongo. Nyumba zetu zimeegemea mlima, vitanda vyetu vimetiwa kijiwe mguu mmoja. Macho yetu yamekua hivyo, ardhi ikiinama kidogo sisi tunaiona imelala. Baba hakudanganya alipofumba lile jicho, na Bharati aliyezaliwa hapa alikuwa na macho yale yale ya kwetu.

Bwana Jayanti akamwambia wabadilishane. Bharati aliposimama juu, mipira yote aliyoichota kwa ule mtindo wake iliruka ghala ikaangukia barabarani. Bwana Kanti akafunga vifungo vya koti lake. "Basi," akasema, "tumeona." Lakini mdogo wake akakataa. Akasema hajaona chochote, si kizuri si kibaya, na hawezi kumhukumu mtoto kwenye ubavu wa paa la nyumba. Anataka ardhi iliyonyooka. Kila mtu akasema ardhi iliyonyooka Mbinga imejaa! Ikaanza safari ambayo watu waliisimulia kwa miaka. Tulimpeleka uwanja wa kanisa, akaweka mpira, ukaondoka. Uwanja wa shule, ambao tungeuapia, ukaondoka. Sokoni ukaondoka kwa haraka zaidi, mzee mmoja wa Mpepai akausimamisha kwa fimbo akauliza, "Huu mpira wenu una haraka gani?" Katekista alitupeleka nyumbani kwake kwa majivuno, ana sebule ya saruji. Ukaondoka, ukaingia chini ya kabati. Bharati alikuwa anafuata nyuma, hacheki. Kila ulipoondoka mpira niliona uso wake unazidi kusinyaa, maana baba mdogo alikuwa anaondoka wiki ile ile.

Mama ndiye aliyesema Lituhi. Pale wanapoanika usipa, dagaa wa ziwani, juu kidogo ya mchanga, pamekanyagwa na wanawake tangu enzi za bibi zake mpaka pamekuwa kama meza. Tukapanda lori la kahawa la Bwana Kanti, tukateremka, na sijui kama mnaijua njia ile ya zamani, tulitapika wote isipokuwa Mama Bharati, ambaye alikuwa amejifunika uso tangu nyumbani. Wanawake wa Lituhi walituona tunashuka na raketi na wavu wao wa zamani, wakauliza kama tumeurudisha. Mjomba Anton akawabembeleza wakusanye usipa wao. "Tukusanye kwa ajili ya nini?" "Kuna binti anapimwa." "Anapimwa ugonjwa gani?" Lakini walikusanya, wakakaa pembeni na mabeseni yao mapajani, wakawa watazamaji wetu.

Mpira uliwekwa chini. Ukatulia. Mjomba Anton akapiga makofi kana kwamba ameshinda yeye. Bwana Jayanti akaniambia nisimame upande mmoja na nimpigie Bharati, yeye akae pembeni amtazame vizuri. Mipira ya kwanza ya Bharati ikaenda mbali mno, watoto wakaifuata majini. Aliinama mno, mpira ulikuwa unakuja juu na polepole kuliko alivyozoea, alikuwa anaufikia kabla haujafika. Nilitaka kumpigia mipira rahisi, akanikaripia kwa Kimatengo nisimwonee huruma. Nikapiga kwa nguvu. Kisha kitu kikakaa mahali pake. Alisubiri kidogo, akainua mkono kidogo, mpira ukapita juu ya wavu ukizunguka, ukaangukia kwenye kona, ukaruka juu ya bega langu. Na mwingine. Kwake ilikuwa kama mtu aliyebeba mtungi mlimani siku zote, leo anatembea mikono mitupu. Wanawake wa usipa waliweka mabeseni yao chini. Bwana Jayanti alivua kofia, akaivaa tena. Akamgeukia kaka yake akasema, "Sijui atafika wapi. Ila nitamchukua." Mama Bharati akashusha sari usoni, pale pale katikati ya harufu yote ile, akalia kwa sauti.

Alikwenda. Alifunzwa huko Bombay, akacheza kwa miaka mingi, akalipwa, si sana. Habari zake zilitufikia kupitia Bwana Kanti, aliyekuwa akipima kahawa huku anatangaza kwamba Bharati kashinda mji huu, kashindwa mji ule. Wakulima kutoka Litumbandyosi ambao hawajawahi kuona raketi walikuwa wakiuliza, "Alisimama juu au chini?" Alicheza ng'ambo kwenye yale mashindano makubwa, mara nyingi akitolewa mapema na wasichana warefu, na mara moja moja akiwatoa yeye. Alilala kwenye treni, alijifulia mwenyewe, alijishonea viatu. Goti likamchosha, akabaki kufundisha watoto wa kike. Marehemu mume wangu hakuniamini hadi alipokufa kwamba niliwahi kumpigia mipira mtu kama huyo.

Miaka michache iliyopita alikuja. Duka limekuwa la mtu mwingine, kiwanja kimejengwa nyumba ya wageni. Bibi mwenye mvi, anachechemea, bado anajua matusi ya Kimatengo. Tulikula mahindi. Nilikuwa na maswali mengi, nilitaka kujua kama mpira wa kulipwa unauma ukishindwa kuliko mpira wa bure, na anayepoteza anakula wapi jioni ile. Alinijibu yote. Kisha akaniuliza yeye. "Otilia, siku ile Lituhi, wewe ulikuwa unataka?" Nikamwuliza nini. Akasema, "Kwenda. Kucheza. Tulikuwa wawili uwanjani, na baba mdogo alinitazama mimi peke yangu." Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Sikuwahi kuulizwa, na mtu asiyeulizwa hata mwenyewe hajiulizi. Sikusikia uchungu, nilishangaa tu, kama mtu anayegundua chumba kingine katika nyumba aliyokaa maisha yote.

Siku hizi watoto wa kike Mbinga wanasoma, lami imefika, simu inakuonyesha wasichana wa India wakicheza mbele ya watu wengi kuliko wakazi wa wilaya yetu. Nimewatazama, wanapiga vizuri. Juzi mwalimu alikuja nyumbani kuomba ruhusa ya mjukuu wangu Imelda aende Songea na timu ya netiboli ya shule. Mwanangu aliuliza nauli, aliuliza watalala wapi, nani atawasimamia, watarudi lini. Mwalimu alijibu vizuri kila kitu, ruhusa ikatolewa, chai ikamiminwa. Mimi nikamwita Imelda kutoka jikoni, nikamwuliza mbele yao wote, "Wewe unataka?" Alimtazama baba yake, akamtazama mwalimu, akafuta mikono kwenye kanga. "Nataka kwenda, bibi," akasema. "Lakini si netiboli. Mimi nataka kukimbia." Mwalimu akabaki na kikombe mkononi, hajakifikisha mdomoni.