Mutea na Ndege ya Haraka

Tangu Mutea anunue ndege ya rimoti, Bridget hakuwa na hamu naye hata kidogo. Mutea, mtu mzima, muuza miraa anayepiga honi hata barabara ikiwa tupu, alitaka kurusha ndege vilevile anavyopeleka mzigo: mbio, maana miraa haingoji mtu.

Bridget, mwalimu wa fizikia, alirushia ndege zake kwenye uwanja wa malisho karibu na Ngaremara. Mzee mmoja mfugaji wa ngamia, jina lake Wako, alikuwa amemruhusu kwa sharti moja: ngamia wakitokea, ndege iwe chini. Siku ngamia atakaposhtuliwa, uwanja umekwisha. Uwanja mwingine wa kurushia, Bridget hakuwa nao.

"Anza na ndege ya mwendo wa pole," alimwambia Mutea. "Hakikisha inatii rimoti kabla hujaiachilia. Irushe ikitazama upepo. Na ikikugeukia, kumbuka kulia kwake ni kushoto kwako."

"Mwalimu, mimi nateremka barabara ya Maua na pikap nikiwa nimefunga macho," Mutea alijibu huku akitafuna miraa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alionekana kulitafuta guu lenyewe kwa bidii. Alikuwa amenunua ndege nyekundu ya mbio, ya mabingwa, na hakuwahi kurusha hata ya karatasi.

Aliiachilia upepo ukimpiga mgongoni. Ilipanda, ikayumba, ikawageukia. Mutea akavuta kulia, ndege ikaenda kushoto, moja kwa moja kwenye migunga ambako ngamia wa Wako walikuwa wakianza kutokeza.

"Ishushe!"

"Itavunjika!"

Bridget hakubembeleza. Alimpokonya rimoti, akazima mota, akaibamiza ndege chini. Vipande vikaruka. Ngamia wakainua shingo, wakatazama, kisha wakarudia majani yao.

Wako alikuja polepole, fimbo begani. "Mwalimu, habari. Nani alikuwa anapeleka hiyo kitu?"

Bridget aliitazama rimoti iliyokuwa bado mikononi mwake. Mutea naye aliiona, wala hakuona haya.

"Ni yeye, mzee. Si unaona ako na rimoti?"

Wako alivitazama vipande, akawatazama ngamia, halafu akamgeukia Mutea.

"Basi ni yeye amezuia isifike kwa ngamia yangu. Na wewe mwanaume, ulikuwa unafanya nini?"

Mutea aliinama kuokota vipande.

"Mwalimu," Wako alisema, "kesho rudi. Kuja peke yako."