Chafya ya Fisi

Mwaka wa sitini na mbili, nikiwa na miaka tisa, mashine ya mkonge ilimkata baba mkono, na shule yangu ikaishia hapo. Tukahamia chumba cha bibi kwenye kambi ya shamba.

Nakwambia haya kwa sababu ya jirani yangu hapa ughaibuni, Downsview, Mfilipino, nesi mstaafu. Jumamosi kaniletea tambi za kukaanga, na yeye akikaa lazima amtaje mwandishi wao. Zamani, anasema, wakoloni walipowakalia, yule bwana aliandika hadithi tu, za watu wa kubuni. Wakubwa wakajiona humo, wakampiga risasi. Lakini wanyonge nao walijiona, wakaanza kujiita taifa.

"Hadithi tu?" nikamuuliza.

"Hadithi tu, mzee. Ulidhani wakubwa wanaogopa nini?"

Pua yangu ilishasikia nazi ya bibi.

Bibi hakujua hata a. Jioni alikalia mbuzi yake akikuna nazi, krr, krr, akitusimulia fisi aliyepewa kazi ya kulinda kondoo. Fisi huyo alitanguliza tumbo akitembea, na kila akitaka kudanganya alipiga chafya kwanza. Kambi nzima ilijua ni nyapara. Asiyejua ni nyapara mwenyewe, aliyekuja kula wali wetu bila kualikwa. Mama alimwonya bibi: akijitambua tu, tunalala barabarani.

"Bibi wee, fisi wako mpumbavu!" Nyapara alicheka mpaka machozi. "Kesho mwongeze."

"Nitamwongeza, bwana. Wewe njoo na njaa yako tu."

Nyapara akapiga chafya, akaapa kuwa ameshiba. Tukang'ata vidole tusicheke. Baba alitoka nje, nikamsikia akicheka peke yake, mara ya kwanza tangu mkono ule.

Kisha ikaja asubuhi nyapara aliposimama kututangazia kuwa posho imechelewa njiani. Mtu akapiga chafya. Mwingine akafuata. Mara uwanja mzima, wanaume kwa wanawake, chafya tupu! Ndipo alipoelewa. Lakini amfukuze nani, amwache nani? Posho ikatoka jioni ileile.

Kambi sasa ni pori, na bibi hakuna aliyemwandika.

Mimi leo nina nyumba, malori mawili, goti moja zima, na mjukuu anayenijibu kwa Kiingereza. Jumapili nilimpa hadithi yote ya fisi, kwa Kiswahili. Jana akauliza tambi za jirani ziko wapi. Nikamwambia sijazigusa.

Akapiga chafya.