Liwali Aliyekula kwa Wafalme Wawili

Mie nna wivu. Nasema mapema, asije mtu akanitafutia jina zuri zaidi, akasema huo ni uchungu wa mzazi. Ni wivu tu, tena wa kumwonea mwanamke mwenzangu, mama mkwe wa mwanangu, anayekaa Al Amerat, nyuma ya milima ya mji wetu, kwenye nyumba mpya yenye sebule mbili. Mie nakaa Khuwair ya Kusini, juu ya duka la miwani, na mwana nnaye mmoja.

Tokea baba yake afariki, Ijumaa ndiyo siku yangu. Akishaswali huja moja kwa moja, akavua kofia, akakaa chini kwenye busati, nami nikamwekea sinia. Mkewe na watoto huwa wameshakwenda Al Amerat tangu asubuhi. Sikuwa na neno. Kila mtu na mama yake.

Mwanangu ni mwalimu wa tarikhi, na wakati ule alikuwa akisomea shahada ya pili. Alikuwa anaandika juu ya mtu mmoja wa Ulaya ya zamani sana, zama za baada ya dola ya Warumi kuvunjika. Vitabu vyamwita dyuki. Nikamuuliza dyuki ndo nani, mfalme?

"La, mama, ni chini ya mfalme. Ana ngome yake na askari wake, lakini juu yake pana mkubwa."

"Sema liwali basi, tukaelewana."

Akacheka, na tokea siku hiyo jina likawa hilo. Kila Ijumaa alinihadithia kipande cha maisha ya Liwali huku anakula. Kwao Liwali kulikuwa bondeni baina ya milima. Kaskazini pana mfalme, kusini pana mfalme, na wote wawili waliitaka njia inayopita kwake. Baba yake alimrithisha ngome, mashamba ya zabibu na maadui. Alipoinukia ujana alikwenda kwa mfalme wa kaskazini, akapiga magoti, akaweka viganja vyake ndani ya viganja vya mfalme akaapa kuwa yeye ni mtu wake. Haukupita muda, mfalme wa kusini akamletea farasi na panga, na akamwoza binti yake. Akenda na huko, akapiga magoti, akaapa.

"Kaapa mara mbili?"

"Mara mbili."

"Hee! Mnafiki mkubwa huyo!"

"Angefanyaje, mama? Akimkataa mmoja, mashamba yanachomwa."

"Angechagua. Njia mbili zilimshinda fisi."

Mwanangu alikuwa anausukuma wali pembeni kwa vidole, na mie sikulitia maanani. Nilidhani pilipili imezidi.

Basi kukawa na harusi huko Bustan, nikakalishwa meza moja na mama mkwe wake. Yeye ni Mwarabu wa ndani ya nchi, hakukulia pwani ya Waswahili kama sie, Kiswahili hajui hata salamu, kwa hivyo huzungumza naye Kiarabu, na Kiarabu changu kwake huwa hakinyooki. Tukaulizana hali. Kisha akanigeukia na uso wake mkunjufu ule, akanambia, "Mashallah, mwanao ana hamu ya chakula. Kila Ijumaa nampikia makbusi, wali na nyama ya mbuzi, na hasazi."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Huchelewa kidogo tu, masikini, kwa foleni ya magari."

Foleni! Foleni yenyewe ndiyo mie! Mie nliyeamka alfajiri kukuna nazi, mie nliyesimama jikoni miguu ikavimba, ndo foleni ya magari. Roho iliniuma hata harusi sikuiona. Bibi harusi kaingia, watu wanapiga vigelegele, na mie namtazama yule mwanamke anavyokula halua kwa ncha za vidole, nikajisemea, haya bibi, tutaona.

Mwanangu sikumuuliza. Nikajitia hamnazo. Ijumaa iliyofuata nikapika biriani, kuku wa kupaka, sambusa, katlesi na mkate wa kumimina. Shabaha yangu ilikuwa moja tu, afike kule hana pa kutia hata tende. "Kula baba," nikamwambia, "umekonda." Akala. Nikamwongezea. Akanitazama, akala. Kwetu, na kwao wale pia, mtu hasemi basi mbele ya mama aliyepika. Atasema nimeshiba, utamwambia hujala kitu, na yeye atanyoosha mkono tena.

Nilikuja kujua baadaye kuwa mjukuu wangu mdogo aliropoka kule Al Amerat, akasema baba huanza kula kwa bibi wa Khuwair. Yule mwanamke naye hakuuliza. Akazidisha nyama.

Na Liwali mambo yalikuwa yanamharibikia. Mfalme wa kaskazini alipata habari ya kile kiapo cha pili, akaja na jeshi, akachoma vinu vya kusagia ngano, akamwapisha upya mbele ya watu wake. Yalipofika mavuno akaja wa kusini, akachoma kilichobaki. Kila mmoja alisema kaja kumlinda.

"Wa kaskazini ndiye mwenye haki," nikasema. "Si ndiye aliyeapiwa kwanza?"

"Shamba likishaungua, mama, nani anauliza nani alikuwa wa kwanza?"

"Mwenye haki anauliza. Ongeza kuku."

Ijumaa moja jioni mkaza mwana wangu akanipigia simu. Mumewe alisimamisha gari kwenye barabara ya mlimani ya kwenda Al Amerat, akatapika hata akashindwa kukaa wima, na wapita njia ndio waliompeleka hospitali. Nikachemsha supu mbio mbio, nikachukua teksi. Kufika, namkuta mama mkwe kishakaa upande wa kulia wa kitanda, na chombo chake cha supu mapajani. Nikakaa kushoto na changu. Daktari kasema mgonjwa asitie kitu mdomoni mpaka kesho, na tumbo la mtu si ghala.

Tukakaa na supu zetu. Nikasema kwa Kiswahili, kama nazungumza peke yangu, kuwa samli ya watu wengine ndiyo inayoua. Naye akamwambia binti yake, aliyesimama miguuni pa kitanda, kwa Kiarabu, nikasikia kila neno, kuwa chakula cha nazi hakifai kwenye joto hili. Mwanangu akageukia ukutani, akavuta shuka mpaka masikioni.

Alipopata nafuu alikuja kwangu siku ambayo si Ijumaa. Nikaogopa kidogo. Chai hakutaka.

"Mama, Liwali nimemmaliza."

"Kauawa na nani?"

"Hakuuawa. Alimwachia ngome mwanawe, akanyoa kichwa, akaingia kwenye nyumba ya watawa mbali huko, asipofika mfalme wa kaskazini wala wa kusini."

"Na wale wawili?"

"Walipatana. Lakini walipopatana, yeye hakuwepo tena."

Kisha akanishika mkono. "Nimeomba uhamisho, nimepata. Tunahamia Salalah."

Salalah! Mtu anatia mafuta gari asubuhi, anafika jua limekuchwa. Nilikuwa na mengi ya kusema, ningeweza kulia, ningeweza kumwambia nani atanizika. Lililonitoka ni hili: "Umemwambia nani kwanza?"

Akanitazama sana. "Mie niko hapa, na mke wangu yuko kwao. Anamwambia mama yake saa hii hii. Ndivyo tulivyokubaliana."

Ijumaa ya kwanza walipokwishahama, nikapika tu. Mkono hausikii. Wali umeshaiva ndipo simu ikalia, ile ya kuonana uso kwa uso. Nikafungua, nikamwona mwanangu, na pembeni yake kwenye kidirisha kingine nikamwona yule mwanamke. Katupigia sote pamoja.

"Umekula, mwanangu?" nikauliza, na yeye wakati huo huo akauliza lile lile kwa Kiarabu.

"Alhamdulillahi," akajibu, neno ambalo ni letu sote, akatutazama kwa zamu. Kanawiri. Nyuma yake niliona sinia kubwa, si la mkewe. Akaendelea kwa Kiarabu, ili sote tufahamu. "Kuna jirani hapa, mama mtu mzima, anaishi peke yake. Katuita, na kasema kila Ijumaa tule kwake. Anapika samaki, wallahi, sijapata kula samaki kama huyu."

Mtoto akalia, mwanangu akatuaga, akatoka. Kwenye simu tukabaki wawili, mie na yule mwanamke. Nyuma yake niliona jiko lake na sufuria iliyofunikwa. Nadhani na yeye aliiona yangu.

"Jirani gani huyo?" akaniuliza.

Nikavuta kiti, nikakaa. "Hata mie," nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu, "ndilo nnalotaka kujua."